Mwaka 692: Makka, Quds, Konstantinopoli

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wasio na salamu katika hizo mbili, hamjambo.

Nianze na waliokwenda Hija. Mlipokuwa mkitufu mlipita nje ya ule ukuta mfupi wa nusu duara, Hijri Ismail, sivyo? Hakuna aliyekata katikati, maana tawafu isingesihi. Sasa, lau mngefika Makka mwaka 690 mngeikuta Kaaba imerefuka upande ule, imemeza sehemu ya Hijri, na ina milango miwili iliyo sawa na ardhi, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Aliyeijenga hivyo ni Abdullah bin Zubeir, kwa hadithi aliyoipokea kwa mama yake mdogo, Bi Aisha. Kwa nini leo haiko hivyo? Jibu lake ndilo mhadhara wa leo.

Wakati huo umma ulikuwa na makhalifa wawili. Abdullah alikaa Makka, na Abdulmaliki bin Marwani alikaa Damascus. Mwaka 691 Abdulmaliki aliichukua Iraki, akamuua Mus'abu, nduguye Abdullah. Kisha akamtuma Hajjaji bin Yusuf, mtu wa Taifu, kwenda kummaliza mwenyewe. Mwaka 692 Hajjaji alifunga manjaniki, ile mitambo ya kurushia mawe, juu ya mlima Abu Qubais, akaupiga mji mtakatifu kwa mawe. Mzingiro ulizidi miezi sita. Watu walimtoka Abdullah mmoja mmoja kwa ahadi ya amani, hata baadhi ya wanawe.

Wapokezi wanasimulia kwamba siku za mwisho alikwenda kwa mama yake, Bi Asma binti Abubakar, kikongwe ambaye macho yameshakufa. Akamwambia, haogopi kuuawa ila anachelea watauchezea mwili wake. Mama akamjibu: kondoo akishachinjwa, kuchunwa hakumuumi. Akatoka, akapigana, akauawa, na Hajjaji akamtundika mtini. Mwaka uliofuata Hajjaji akairudisha Kaaba kwenye kipimo cha zamani: Hijri ikabaki nje, mlango wa magharibi ukazibwa, wa mashariki ukainuliwa. Kwa hiyo kila mnapouzunguka ukuta ule, mnapita juu ya hukumu ya vita ile.

Nawaomba mtunze neno kondoo. Tutakutana na mwingine.

Wakati Makka inazingirwa, huko Quds, yaani Yerusalemu, Abdulmaliki alikuwa na jengo jipya: Kuba la Mwamba. Wengi huliita msikiti, lakini si msikiti wa kawaida, ni kuba lililojengwa kuuzunguka mwamba. Ndani yake, juu ya nguzo, umepita mstari wa maandishi ya dhahabu wenye urefu wa mita 240 hivi. Na maandishi hayo yanamtaja nani zaidi ya mlivyotarajia? Nabii Isa. "Enyi Watu wa Kitabu! Msipite kiasi katika dini yenu." Mji ulikuwa umejaa Wakristo, na kanisa la Kaburi Takatifu, nalo lina kuba lake, halikuwa mbali. Khalifa alikuwa anajibizana na jirani yake kwa jengo.

Jirani mkubwa alikuwa Konstantinopoli, mji mkuu wa Dola ya Roma ya Mashariki. Kaisari Justinian wa Pili alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na damu yake ilikuwa moto. Alikusanya maaskofu zaidi ya 200 kwenye mtaguso ndani ya jumba lake, chini ya kuba, mwaka 691 hadi 692, wakatoa kanuni 102. Nyingine zinachekesha: watu wasivae vinyago vya ngoma za kale, wanaokanyaga zabibu wasimwite Dioniso, mungu wa mvinyo, na mwezi ukiandama asiruke mtu moto mbele ya nyumba yake. Kanuni haipigi marufuku jambo lisilotendwa, basi jueni Wakristo wale walikuwa na mila zao kama sisi.

Kanuni ya 82 ndiyo ninayoitaka. Inasema wachoraji wasimchore tena Kristo kama mwanakondoo, bali kama mtu, kwa sura ya kibinadamu.

Papa Sergio wa Kwanza, mzaliwa wa Palermo, mtoto wa familia ya Kisiria, alikataa kutia sahihi. Kanuni nyingine zilikuwa zimeyagusa mazoea ya Roma, yakiwemo ya useja wa makasisi na ya kufunga Jumamosi za Kwaresima. Kaisari alimtuma ofisa aitwaye Zakaria kwenda kumkamata, lakini askari wa Ravenna walimtetea Papa, na kumbukumbu za Roma zinasema Zakaria aliishia kujificha chini ya kitanda cha Papa! Kumbukumbu hizohizo zinasema Sergio ndiye aliyeagiza uimbwe, wakati wa kuumega mkate, wimbo ambao Wakatoliki hapa wanaujua bila kufungua kitabu: Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia. Hakuna alipoandika kwamba alikuwa anamjibu kaisari. Mimi naamini alikuwa anamjibu.

Kuhusu vita vya Sebastopolis, kule Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, kati ya kaisari huyo na majeshi ya Abdulmaliki, sitakaa sana. Kaisari alishindwa kwa sababu maelfu ya askari wake Waslavi walihamia kwa Waarabu. Mwandishi mmoja wa Kigiriki, aliyeandika zaidi ya miaka mia baadaye, anadai ugomvi ulianza kaisari alipokataa kodi iliyolipwa kwa sarafu mpya za khalifa. Nina shaka, maana sarafu mpya tulizonazo ni za baadaye kidogo. Ila ugomvi wa sarafu wenyewe ulikuwepo.

Justinian alifanya jambo ambalo makaisari hawakulizoea: alitia sura ya Kristo mbele ya sarafu ya dhahabu, mwenye ndevu na nywele ndefu, kitabu mkononi, naye mwenyewe akahamia nyuma kama mtumwa wa Kristo. Abdulmaliki akajaribu sarafu yenye sura yake, amesimama na upanga. Kisha akaiacha. Mwaka 77 wa Hijria akatoa dinari ya gramu 4.25 isiyo na picha yoyote, maneno matupu: Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Imeandikwa mwaka. Jina la khalifa halimo.

Kule Quds nako, baada ya miaka zaidi ya mia, Khalifa Maamuni alilibandua jina la Abdulmaliki na kulibandika la kwake mahali pale, akasahau kubadilisha mwaka. Umebaki hadi leo: 72 wa Hijria, ndio 691 hadi 692.

Sasa chukueni masimulizi ya Pate, kisiwa cha huko Lamu, yale ya asili ya miji ya pwani. Wachimbaji wa mambo ya kale kwenye magofu ya mji wa Shanga, kisiwani humohumo, wamefukua msikiti wa miti wa mwishoni mwa karne ya 8, hawakukuta dalili ya msafara wa khalifa. Lakini wazee wetu walipoulizwa ni nani wa kwanza kuijenga miji hii, na lini, walijibu: mwaka wa 77, Abdulmaliki bin Muriani.