Kudhoofisha Si Kuharibu

Waheshimiwa wasikilizaji, walionisikia zamani watanivumilia, maana ninarudi pale pale: kudhoofisha si kuharibu. Mzazi akiambiwa kwamba chanjo ya mwanawe ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, hushtuka kana kwamba mtoto analishwa sumu. Na mwanafunzi wa ufundi akikabidhiwa kipunguza nguvu ya mawimbi ya redio hukiona kizuizi tu. Wote wawili wamekosea kwa namna moja.

Tazameni kovu dogo la BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambalo wengi wenu mnalo mkononi. Asili yake ni Lille, Ufaransa, mwaka 1908, Albert Calmette na Camille Guérin walipoanza kuotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo na gliserini. Kila baada ya wiki tatu hivi waliwahamishia kwenye viazi vipya. Vita vikaja, Wajerumani wakaukalia mji, nao wanahamisha bakteria! Walifanya hivyo mara 230 kwa miaka 13, hadi bakteria wale wakapoteza makali ya kuleta ugonjwa; na mwaka 1921, mjini Paris, mtoto mchanga wa kwanza akapewa chanjo hiyo, tena kwa kunyweshwa.

Mtaniuliza: si wangewaua tu, yakaisha? Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Bakteria aliyekufa hazaani wala hahangaiki. Aliye hai asiye na makali huzaana kidogo mwilini, na kinga ikapata adui wa kufanyia mazoezi. Ndiyo sababu hapewi mtu ambaye kinga yake imeporomoka, kwa kuwa kwake hata mnyonge huyu ni hatari.

Muda umenitupa mkono, kwa hiyo elektroniki nitaipitia mbio. Redio inayorusha wati 10 ukiiunganisha moja kwa moja na kipimo kisichohimili nguvu kubwa, utakiunguza. Ukiweka katikati kipunguza nguvu cha desibeli 30 (desibeli ni kizio cha kueleza nguvu imepunguzwa mara ngapi), kipimo hupokea miliwati 10, yaani sehemu moja ya elfu, na umbo la wimbi hubaki lile lile. Nguvu nyingine yote hugeuka joto ndani ya rezista, yaani vikinza umeme vilivyomo katika kipunguza nguvu hicho. Mwanafunzi wangu mmoja alisoma desibeli akasahau kusoma wati, akachomeka kipunguza nguvu kinachohimili wati 2 tu: tulilinusa kosa lake kabla ya kuliona.

Nilikusudia kuzungumzia pia nyuzi za mwanga, ambamo mwanga mkali mno hulemea kipokezi, lakini naona mwenyekiti ameshaanza kukusanya karatasi zake.