Uwanja uliozikwa chini ya uwanja wa Hitler

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Leo nipo Berlin, huku upande wa magharibi, nje ya Olympiastadion. Kelele mnazozisikia kwenye maiki ni upepo, mnivumilie. Nimevaa koti juu ya koti na bado meno yanagongana.

Kuna mama mmoja wa Tanga aliniuliza: mwanangu, Wajerumani waliponyang'anywa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huko kwao walibaki wanafanya nini? Mama yangu, jibu zima linahitaji mwaka mzima wa video. Leo nachukua upande mmoja tu, michezo, maana hapo utaona hasira yao yote, tena hasira iliyovaa bukta.

Hili jengo la mawe nyuma yangu ni la Olimpiki ya 1936, ile ya Hitler na Jesse Owens. Hilo mnalijua. Mimi nimekuja kuwaonyesha uwanja ambao haupo. Papa hapa palikuwa na uwanja mwingine, Deutsches Stadion, uliofunguliwa 1913. Aliyeuchora anaitwa Otto March. Ulikuwa katikati ya uwanja wa mbio za farasi, kwa hiyo ilibidi wauchimbie chini ardhini usiwazibe watazamaji wa farasi. Uliandaliwa kwa Olimpiki ya 1916. Vita vikaja, Olimpiki ikafutwa, uwanja ukabaki na viti vyake.

Vita vikaisha, Mjerumani kashindwa. Mwaka 1920 Olimpiki ikafanyika Antwerp, Ubelgiji, nchi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameivamia. Ungemwalika wewe? Hawakumwalika. Mwaka 1924 zamu ya Paris, vilevile. Miaka minane dunia inakimbia na kuruka, yeye yuko nje ya ukuta anasikia makofi tu.

Akafanya kama mtu aliyeachwa kwenye orodha ya harusi: akaangusha sherehe yake mwenyewe. Aliyeisukuma zaidi ni Carl Diem, katibu wa baraza lao la michezo. Ikaitwa Deutsche Kampfspiele, tuseme Michezo ya Mapambano ya Kijerumani. Ilikuwa kila baada ya miaka minne kama Olimpiki, na ya majira ya baridi ikawa na mahali pake. Riadha, kuogelea, makasia, ndondi, kandanda, vyote ndani. Ya kwanza 1922: wa barafu walikwenda Garmisch-Partenkirchen, wa kiangazi wakaja hapa hapa nilipo. Fikirieni Umisseta, ile michezo ya shule za sekondari Tanzania, lakini ya watu wazima wenye kinyongo na nusu ya dunia.

Na hali ya nchi ilikuwa mbaya. Tarehe 24 Juni mwaka huohuo waziri wao wa mambo ya nje, Walther Rathenau, Myahudi, alipigwa risasi ndani ya gari mtaani Grunewald, mtaa wa jirani tu na hapa. Mwaka uliofuata pesa ikaoza, mkate ukawa wa mabilioni.

Ya pili, 1926, wakaipeleka Köln, na hapo nawasifu kwa hesabu zao. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wameukalia mji huo walikuwa wameondoka mwisho wa Januari mwaka uleule. Wageni wametoka, wenyeji wanaingia na bendera! Uwanja ulikuwepo tayari, Müngersdorf, uliofunguliwa 1923 wakati meya ni Konrad Adenauer, yule aliyekuja kuwa kansela. Ya tatu, 1930, Breslau, mashariki kabisa, karibu na mpaka mpya wa Poland uliokuwa ukiwachoma roho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mji haukuchaguliwa kwa ajili ya uzuri wa nyasi zake.

Lakini kichekesho ni hiki. Ilipofika 1928 walikuwa wamesharudishwa Olimpiki, Amsterdam, na katika medali walishika nafasi ya pili nyuma ya Marekani. Mwanadada wao Lina Radke akachukua dhahabu ya mita 800. Ukishafunguliwa mlango, ile sherehe yako ya uani ya nini tena? Wao waliendelea nayo.

Tena msidhani Wajerumani wote walikuwa uwanja mmoja. Wale wa mazoezi ya viungo, chama kikubwa cha tangu karne ya 19, waliona riadha na kandanda ni mambo ya Kiingereza, wakawa na tamasha lao. Wakatoliki wakawa na umoja wao. Wayahudi nao vilabu vyao. Na wafanyakazi, hawa ndio niliowapenda mimi, waliandaa Olimpiki yao Frankfurt, Julai 1925. Hakukuwa na bendera za mataifa, ilipepea nyekundu tu, na kauli yao ilikuwa "Vita visirudi tena." Wanawake wao wakavunja rekodi ya dunia ya kupokezana vijiti mita 100 mara nne. Wafaransa walikuwepo pia, mwaka mmoja tu baada ya Paris kumfungia Mjerumani mlango. Nikisoma habari za Frankfurt huwa najiuliza kwa nini shuleni hatukusikia hata mstari mmoja.

Mwaka 1933 Hitler akaingia, na vilabu vya wafanyakazi vikapigwa marufuku, mali zao zikachukuliwa. Wayahudi wakafukuzwa kwenye vilabu vya wengine. Gretel Bergmann, mrukaji wa juu, alifikia rekodi ya Ujerumani, mita 1.60, wiki chache kabla ya Olimpiki ya 1936, kisha wakamkata kwenye timu kwa sababu ni Myahudi. Na Mswahili wetu alikuwepo mjini humu miaka hiyo, mama wa Tanga: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefika 1929 na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Yeye hakuwa mwanamichezo. Alifia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Hitler, 1944. Yake nitaifanyia video peke yake.

Kampfspiele ya mwisho ilikuwa Nürnberg, Julai 1934, mji wa mikutano ya chama cha Nazi. Mwaka huohuo uwanja huu wa Otto March ukabomolewa, na aliyejenga huu mpya ni mwanawe, Werner. Baba kachimba, mwana kafukia.

Diem je? Alibaki. Wazo la kukimbiza mwenge kutoka Olympia, Ugiriki, hadi hapa 1936 lilikuwa lake. Machi 1945, Warusi wako karibu, alisimama hapa kuwahimiza watoto wapigane. Baada ya vita akaanzisha chuo kikuu cha michezo Köln. Baadhi ya miji imeshafuta jina lake kwenye mitaa. Mingine ilibishana kwa miaka.

Breslau siku hizi inaitwa Wrocław, ni Poland, na ule uwanja wao bado upo. Wanashindana kwa pikipiki zisizo na breki. Nauli ya treni nimeshaiangalia, si mbaya. Mkitaka niende, niandikieni hapo chini, ila mwezi ujao, mshahara ukiingia.