Neno Lililozaliwa Ngarambe: Mazungumzo juu ya Maji Maji, Ukweli na Uhuru

ZUHURA: Msikilizaji, karibu. Mimi ni Zuhura, na niko pamoja na ndugu yangu Matiku. Leo tunalo swali moja, ambalo limeninyima utulivu tangu nilipoirudia tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji, ambavyo watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Wajerumani wakiamini kwamba maji ya dawa yangewakinga na risasi: je, anayewaongoza wanyonge kudai uhuru wao ana haki ya kuwaacha waamini jambo ambalo yeye mwenyewe hana tena uhakika nalo?

MATIKU: Dada Zuhura, kabla hatujamweka kiongozi huyo kizimbani, tukumbushane dhuluma yenyewe, kwa sababu mtu akianza na maji akaisahau pamba atawaona wazee wetu kuwa wajinga waliodanganywa. Kuanzia mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulivilazimisha vijiji vya kusini mwa Tanganyika kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, wasimamizi waliowekwa na serikali, na aliyechelewa alichapwa kiboko. Mkulima aliitwa kwenye pamba ya serikali wakati shamba lake mwenyewe linadai palizi, na malipo yalikuwa kidogo mno hata wako walioyakataa. Mwishoni mwa Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waliingia shambani wakaing'oa ile pamba.

ZUHURA: Na kabla ya hapo, katika kijiji cha Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale, ambaye katika tamthilia anaitwa Kinjeketile, alikuwa amekwisha kugawa dawa yake, maji ambayo watu waliambiwa yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Waliomiminika kwake walitoka katika makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Ninalikiri jambo hilo kwa uzito wake: maji yale yaliwapa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na wengine wengi lugha moja ya kusemea uchungu wao.

MATIKU: Ndipo ninapouliza, bila maji hayo wangeungana kwa kitu gani?

ZUHURA: Sijui kama wangeungana. Lakini nenda nami hadi Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, ambako maelfu ya wapiganaji waliikabili boma ya Wajerumani iliyokuwa na bunduki za rashasha. Walisonga mbele wakiwa na imani ile, na wakaanguka kwa mamia. Ninapousoma mkasa huo siwezi kuridhika na jibu kwamba umoja ulipatikana, kwa maana mwili uliopigwa risasi ulikuwa wa kijana aliyeambiwa kwamba risasi haitampata.

MATIKU: Hussein hakuukwepa uchungu huo. Katika tamthilia, Kinjeketile anatoka mtoni akiwa na ujumbe wa Hongo, mzimu wa mtoni, na umati unalipuka kwa furaha; baadaye, alipotulia, anagundua kwamba ujumbe huo unasema watu wake watakuwa wana wa Seyyid Said, yule Sultani wa Zanzibar. Yaani Mjerumani ataondoka, na mahali pake atakaa bwana mwingine! Hapo ndipo anapoanza kuishuku sauti iliyosema kwa kinywa chake, na anataka vita vicheleweshwe ili watu wafunzwe na kujipanga. Lakini wamekwisha kuonewa kiasi cha kutosha, wasimamizi wa mashamba wamekwisha kuwaingilia hadi majumbani mwao, na subira ya kiongozi wanaiona kama usaliti. Vita vinaanza bila yeye.

ZUHURA: Hapo naomba tuweke mpaka kati ya historia na sanaa, kwa kuwa mwandishi mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fasihi. Kinjikitile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa, na hakuyaona ya Mahenge. Hussein anamwacha hai hadi baada ya kushindwa ili alazimike kuyatazama matokeo. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kazi ile, kwa sababu historia ilimwondoa shahidi mapema, na fasihi ikamrudisha ajibu.

MATIKU: Nami nakuletea shahidi mwingine, Karama wa Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1951 wakati Tanganyika ingali mikononi mwa Waingereza. Karama anashitakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Hana dawa wala mkuki. Anasimama barazani siku sita, akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya kuifaa nchi, ambao kila mmoja aliporudi alitiwa gerezani. Mwisho wa hadithi wanafunguliwa.

ZUHURA: Kwa hiyo silaha ya Karama ni ukweli mtupu, na anashinda.

MATIKU: Anashinda mbele ya mfalme anayekubali kusikiliza hadi mwisho, dada yangu. Ngarambe hawakuwa na baraza la namna hiyo. Ninampenda Karama, lakini naogopa tukimfanya kipimo cha kila mtu tutakuwa tunawadai wanyonge adabu ambayo mtawala hakudaiwa kamwe.

ZUHURA: Hilo nakubaliana nawe, ila sitaki dhuluma ya mtawala iwe pazia. Tarehe 14 Agosti 1905, wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss pamoja na watawa wanne, wawili wanaume na wawili wanawake, waliokuwa safarini bila jeshi. Nikisema vita vile vilikuwa vya haki, na ninasema hivyo kwa moyo wote, lazima niweze kusema pia kwamba mauaji yale hayakuwa ya haki.

MATIKU: Yaseme, nami nayasema. Kisha tuyaweke kando ya yaliyofuata: majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vijiji, mashamba na maghala ya chakula, mpaka njaa ikamaliza kazi ambayo risasi haikuimaliza. Makadirio ya Wajerumani wenyewe yalitaja vifo 75,000, na watafiti wa baadaye wamefika hadi 300,000. Wengi wao hawakuwahi kushika silaha. Walikuwa mama na watoto waliokosa chakula.

ZUHURA: Na hao ndio wanaonirudisha kwenye swali langu. Mwalimu Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, alieleza kwamba watu waliinuka kwa sababu hawakuamini kuwa mzungu ana haki ya kuwatawala, wala hawakusukumwa na kiapo cha kishirikina. Ninaielewa hoja yake, kwani alikuwa akiikomboa heshima yao mbele ya dunia. Hata hivyo, aliyaacha maji pembeni. Hussein, miaka 13 baadaye, nchi ikiwa huru, aliyarudisha katikati ya jukwaa.

MATIKU: Na akamaliza kwa lile onyesho la kifungoni. Kinjeketile, akiwa ameteswa, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Wewe unakusomaje kukataa huko? Ni ukaidi?

ZUHURA: Zamani nilikuona kuwa ni woga wa kukiri kosa. Sasa nimebadilika. Anajua kwamba akitamka, afisa hatayachukua maneno hayo kama ukweli juu ya maji. Atayachukua kama ukweli juu ya vita, na atawafundisha watoto kwamba kuipigania nchi yao lilikuwa kosa. Anaona kwamba neno limekwisha kuzaliwa na limemzidi yeye aliyelizaa. Bado namlaumu kwa kuchelewa kuitamka shaka yake alipokuwa miongoni mwa watu wake, ambao walistahili kuisikia. Kuitamka mbele ya mwenye kitanzi ni jambo jingine.

MATIKU: Basi nikupe tukio moja ambalo nalisoma sambamba na onyesho hilo. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni, alinyongwa na Wajerumani Februari 1906, na ukoo wake umeishi ukiamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika katika mji wa Songea, mbele ya vitukuu, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wao, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo.

ZUHURA: Miaka 118 tangu pamba ing'olewe. Katika tamthilia anayetakiwa kukiri ni mfungwa.

MATIKU: Na kule mjini Songea, aliyekiri alikuwa mgeni kutoka Berlin, mikono mitupu, mbele ya watu ambao bado wanalisubiri fuvu la babu yao.