Siagi ya karanga inaanzia kwenye ungo

Historia mmeiomba, nitaipitia mbio. Karanga asili yake ni Amerika Kusini, na huko zilikuwa zikisagwa zamani sana kabla mtu hajafikiria hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi. Wareno wakazileta Afrika. Wengi husema siagi yake ilibuniwa na George Washington Carver, mwanasayansi wa Kimarekani. Siyo. Marcellus Edson wa Montreal, Kanada, alipata hataza mwaka 1884, na Dkt. John Harvey Kellogg 1898. Kijitabu cha Carver cha matumizi ya karanga kilitoka 1916. Kongwa, ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulioshindwa, mnaijua wenyewe. Basi.

Tuje kwenye ungo. Kila mahali swali la kwanza ni mashine: bei gani, inasaga kilo ngapi kwa saa. Kuchambua hakuulizwi na mtu! Karanga nzima inajionyesha: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu, unaiona. Ikishasagwa huoni kitu. Ndiyo maana zile mnazozitenga pembeni, ambazo mla karanga wa barabarani angezitema, zinanunuliwa kwa bei ya kutupa na kurudi dukani ndani ya kopo lenye lebo nzuri.

Mtaniambia, "Lakini si tunazikaanga?" Moto unaua kuvu. Sumukuvu, ile sumu ambayo kuvu imeshaiacha ndani ya punje, inastahimili. Kikaango cha nyuzi 160 kinapunguza kiasi tu. "Basi mbovu tutawapa kuku." Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga, na hapo ndipo sumu hii ilipojulikana. Ng'ombe je? Akila, inatokea kwenye maziwa. Na asiniambie mtu hajaona aliyekufa: Dodoma na Manyara, 2016, watu 20, kwa mahindi yenye sumu hiyohiyo. Wengine inawala ini polepole, miaka na miaka, wala hakuna atakayeitaja karanga msibani.

Kwa hiyo sikilizeni. Ukishang'oa, geuza mashina, maganda yatazame jua siku mbili tatu. Kisha anika kwenye turubai au kichanja. Udongo mtupu una kuvu na unarudisha unyevu. Jioni funika. Tikisa ganda sikioni: punje ikilia ndani, unakaribia. Lengo ni unyevu wa asilimia 7 hadi 8. Na ule mtindo wa kulowesha maganda ili vidole visiume wakati wa kubangua, acheni! Mmekausha wiki nzima, mnaharibu kwa ndoo moja ya maji. Tafuteni kibanguzi cha mkono.

Chambua mara mbili. Mara ya kwanza mbichi. Mara ya pili baada ya kukaanga na kupepeta maganda mekundu, kwa sababu doa lililojificha chini ya ganda hapo ndipo linapoonekana, na punje inayong'ang'ania ganda lake itilie shaka. Zilizokataliwa zifukie au zichome. Usizipime, usizihesabie hasara, utashawishika.

Naona naonyeshwa saa. Haya, haraka: kaanga moto wa wastani ukikoroga bila kuacha, mpaka ndani ya punje pawe rangi ya kahawia hafifu, pakiwa peupe siagi ina ladha ya maharage mabichi, pakiwa peusi ni chungu na sukari haiokoi. Poza. Saga mara mbili. Chumvi gramu 10 hadi 15 kwa kilo. Ikiwa nzito ongeza kijiko cha mafuta, kamwe si maji: inaganda palepale, na ukungu unapata makao. Mafuta kuelea juu si kuharibika. Koroga, au liache kopo limepinduliwa usiku kucha. Joseph Rosefield alilimaliza tatizo hilo mwaka 1922 kwa mafuta yaliyogandishwa kiasi, lakini hiyo, pamoja na habari ya vifungashio, tuiache. Nani ana ungo hapa? Leteni na karanga zenu, tuchambue sasa hivi.