Jinsi ya kutumia neno vindictive bila kulichanganya na vindicated

Haya karibuni tena wapendwa, leo tunashika neno moja tu, vindictive, na hili neno nalipenda mno kwa sababu linambeba mtu mzima na tabia yake yote. Tahajia mnaiona hapo ubaoni, v-i-n-d-i-c-t-i-v-e, nakili twende.

Matamshi: vin-DIK-tiv, nguvu iko kwenye DIK. Waswahili tuna bahati hapa maana tumeshazoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa ni hapohapo, ila usichomeke u mwishoni! Ukisema vindiktivu mkazo umeshahamia kwenye TI na neno limeharibika. Ishia kwenye v, meno juu ya mdomo wa chini, basi. Na vindictively ni vin-DIK-tivli, mkazo haubanduki.

Ngoja, ubao unang'aa, niusogeze kidogo... haya sasa inasomeka.

Maana yake ni mtu wa visasi. Lakini sio kila aliyenuna! Mtu amekukosea ukakasirika wiki nzima, hiyo ni hasira tu. Vindictive ni yule aliyeumizwa, au anayedhani ameumizwa, akaweka moyoni, akawa anatafuta njia ya kukuumiza na wewe, mara nyingi kuliko hata ulivyomkosea. Meneja ulimpinga kikaoni, miezi inapita, likizo yako haipitishwi, zamu mbaya zote ni zako, huyo sasa sema "My boss is vindictive." Usimwite spiteful haraka, spiteful anaweza kukufanyia ubaya kwa roho mbaya tu hata hujamgusa, vindictive yeye ana deni analokudai.

Kwenye sentensi ni rahisi, kabla ya nomino, a vindictive man, au baada ya is na was. Ukitaka kutaja anayefanyiwa weka towards, "He was vindictive towards his former wife." Hata kitendo kinaitwa hivyo, a vindictive letter, barua ya kukomoa. Kwenye sheria utakuta vindictive damages, fidia ya kumwadhibu mkosaji, ingawa siku hizi wengi wanasema punitive damages. Na Waingereza walikuwa na meli ya vita kabisa inaitwa HMS Vindictive, ndiyo ilishambulia Zeebrugge kule Ubelgiji tarehe 23 Aprili 1918. Jina la meli ya vita hilo jamani!

Sasa polepole, hapa ndipo watu wengi wanaharibu. VINDICATED. Limetoka ukoo mmoja wa Kilatini na vindictive lakini maana zimeachana. Vindicated ni kusafishwa, ulisingiziwa, ukweli ukatoka, ukaonekana ulikuwa sahihi. "I feel vindicated," nimesafika. "I feel vindictive," natamani kulipiza! Mkazo nao tofauti, VIN-di-kei-tid. Narudia, umeshinda kesi ya kusingiziwa halafu unamwambia mwajiri mpya "I was vindictive," umejichafua mwenyewe kwa mdomo wako. Narudia tena, mwenye -ated amesafishwa, mwenye -ictive anawinda mtu.

Chukua daftari, andika sentensi mbili, moja ya kila neno, halafu hayo maneno yabadilishane nafasi. Kama hadithi haijageuka kabisa, kuna moja umeikosea, rudisha video pale kwenye vindicated uisikilize upya.