Lamei Yako Umeikata Lini?

Ndugu zangu, mnaonifahamu mnajua nitaanzia wapi: kwenye mkasi. Kila mwaka baridi inapoisha naulizwa kuhusu lamei, kile kichaka kinachochanua wakati wa baridi: “Mwalimu, lamei yangu imestawi, majani tele, mbona haitoi ua hata moja?” Nami nauliza, umeikata lini? Jibu halibadiliki: kabla ya baridi, ili bustani ionekane nadhifu.

Basi maua umeyakata mwenyewe. Lamei, au Chimonanthus praecox kwa jina la kitaalamu, hufunga matumba tangu majira ya joto, tena kwenye matawi yaliyokwisha kukomaa. Ni matumba madogo ya mviringo, yamebana kwenye vifundo, na mpitaji mwenye haraka hayaoni.

Mzee mmoja aliniita nimsaidie kung’oa yake. Miaka 7, hakuna ua. Nilikuta shimo limeshaanza, mizizi ya upande mmoja iko nje. Nikashika tawi, nikapitisha kidole gumba kutoka chini hadi juu. Yote yalikuwa machipukizi ya mwaka ule ule, yamekatwa sawasawa usawa wa kiuno. Nikamwambia, Mzee, nakuomba, rudisha udongo. Akarudisha. Baridi mbili hakuigusa. Ya tatu akanipigia simu alfajiri, hata salamu hakunipa: “Njoo unuse!” Nilikuta matawi matupu, hayana jani, na maua yameinama, ya manjano hafifu kama yaliyofinyangwa kwa nta, katikati yana wekundu wa zambarau. Kijitawi kimoja tu alikiweka kwenye glasi ya maji, harufu imejaa sebule nzima.

Kuna atakayesema: kwa hiyo tuiache iwe pori? Sikusema hivyo! Pogoa mara tu maua yanapokwisha. Toa matawi yaliyokufa, toa yanayosuguana, na kama kichaka kimezeeka toa tawi kuukuu moja au mawili kutoka chini kabisa. Hapo mkasi uweke ndani.

Mwingine ataniambia yeye hajakata kitu, na bado haichanui. Uliotesha kwa mbegu? Mbegu huchukua miaka 5, na mara nyingi zaidi ya hapo. Usiye na subira hiyo tafuta mche uliobebeshwa, yaani uliounganishiwa kijiti cha lamei nyingine, au laza tawi la chini, lifukie kidogo, uliache litoe mizizi yake. Na mbegu hizo zina sumu, wekeni mbali na watoto.

Muda wangu unakwisha. Udongo usituamishe maji. Wenye chokaa hauna shida. Mbolea ya naitrojeni punguzeni, itawapa majani tu. Pandeni kando ya ukuta unaopigwa na jua kutwa, maana joto la jua ndilo linalokomaza matawi, na pawe karibu na mlango mnaoutumia wakati wa baridi. Magonjwa sitayafikia leo.

Tawi hili lipitisheni kwa mkono, lianzie nyuma. Shikeni pale kwenye vifundo, kwa ncha ya kidole.