Mlinzi na Mgeni: Kinga ya Mwili katika Upandikizaji wa Figo

Wazee wetu, wauguzi wenzangu wa hapa Moshi, na ninyi wanafunzi mliojibana huko nyuma, shikamooni na karibuni. Tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, familia za wagonjwa zimekuwa zikiniuliza swali moja: ikiwa ndugu amekubali kutoa figo na upasuaji umekwenda salama, kwa nini mgonjwa ameze dawa maisha yake yote?

Jibu limo katika seli nyeupe za damu, ambazo husoma alama za protini ziitwazo HLA juu ya seli nyingine na kushambulia zenye alama ngeni. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kulingana kabisa. Upandikizaji wa Boston wa mwaka 1954 ulifaulu kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Kwa wengine, mafanikio ya kutegemewa yalikuja na dawa za kulegeza kinga, hasa siklosporini katika miaka ya 1980.

Ila kinga iliyolegezwa kwa ajili ya figo imelegezwa pia mbele ya kifua kikuu, na jambo hili naona tunalipita haraka mno kliniki. Mgonjwa akiugua kifua kikuu, rifampisini inayomtibu hulichochea ini kuivunja upesi takrolimasi, mojawapo ya dawa za kulegeza kinga, kiwango chake katika damu kikashuka, na figo ikawa hatarini kukataliwa huku mapafu yakipona.

Ndiyo maana unanivutia utafiti unaomwacha mlinzi, yaani kinga ya mwili, na kumgeuza mgeni, yaani kiungo au seli zinazopandikizwa. Machi 2024, huko Boston, mgonjwa aliwekewa figo ya nguruwe (naona wengine mmekunja uso, na wengine mmeshakumbuka kitimoto) yenye mabadiliko 69 ya jeni, yakiwemo ya kuondoa sukari ambazo kingamwili zetu huzitambua papo hapo. Aliishi takriban miezi miwili, naye bado alihitaji dawa za kulegeza kinga.

Ulionishangaza zaidi ni utafiti wa Uppsala, Uswidi, uliochapishwa mwaka 2025. Seli za kongosho zenye kutengeneza insulini zilifutwa alama za HLA, kisha zikachomwa katika msuli wa mkono wa mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza. Sasa, mwili una seli nyingine za ulinzi zinazomuua hata asiye na kitambulisho. Kwa hiyo watafiti waliziongezea seli hizo protini ya CD47, inayowaambia walinzi waziache. Zilizobadilishwa kikamilifu ziliendelea kutoa insulini bila dawa yoyote ya kulegeza kinga. Zile ambazo mabadiliko yake hayakukamilika ziliuawa. Dozi ilikuwa ndogo, hivyo mgonjwa aliendelea kujidunga insulini.

Figo nzima, yenye mishipa yake na aina zake nyingi za seli, ni kazi nyingine kabisa, na kwa sasa dawa bado zinahitajika. Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa kupimwa takrolimasi kesho asubuhi amlete kabla hajameza dozi ya asubuhi, na dawa zenyewe aje nazo mfukoni.